Namba Moja Hupigia Viti

Maître, mwalimu wa kinanda, alikuwa na sheria moja kuhusu siku ya onyesho la wanafunzi wake, na sikuona mzazi aliyeweza kumbembeleza akaivunja. Mwanafunzi dhaifu kuliko wote alipiga kwanza. Aliyemzidi kidogo alifuata. Hivyo hivyo hadi wa mwisho, ambaye ndiye alikuwa bora wa mwaka. Karatasi ya mpangilio ilibandikwa Ijumaa kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, na kuanzia hapo hadi Jumapili mtaa wetu mzima wa Kamalondo ulijua mtoto wa nani ana uzito gani. Watu walisimama pale na vikapu vyao vya soko wakisoma majina ya watoto wa wenzao kama wanaosoma matokeo ya mtihani wa serikali.

"Numéro moja anapigia biti," Maître alikuwa akisema, yaani viti, na ilikuwa kweli. Saa nane mchana wazazi wengi walikuwa bado njiani. Waliofika walivuta viti, walitafuta jamaa zao, waliuliza kwa sauti choo kiko wapi. Katikati ya kelele hiyo mtoto mmoja alikuwa ameketi mbele ya kinanda cha umeme, ameoshwa, amepakwa mafuta, akipiga wimbo aliojifunza mwaka mzima.

Onyesho likiisha, namba haikuisha. Mwaka uliofuata wote aliwaita kwa namba zao. "Numéro tano, funga mulango." "Numéro tatu, mikono yako inanuka samaki, kwenda kunawa." Mvulana mmoja alikaa kwenye namba mbili miaka mitatu mfululizo, mpaka mama yake naye akaanza kumwita Deux, mbili kwa Kifaransa. Sasa ni mtu mzima, anaendesha teksi, ana ndevu. Ukimwita Deux barabarani anageuza kichwa.

Kwa sura hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, viatu vinang'aa, shati limefungwa vifungo hadi kooni hata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Alikula karanga moja moja, akizimenya polepole, na aliweza kumsikiliza mtoto akikosea ukurasa mzima bila kuacha kumenya. Kisha alisema neno moja. Neno hilo ndilo mtoto alilobeba nyumbani.

Baba mmoja alikuja na gari lake, mtu wa kupewa kiti popote anapoingia, kuomba binti yake aondolewe kwenye namba moja.

"Maître, mutoto yangu atasikia haya," akasema, yaani ataona aibu.

"Acha asikie haya, papa," Maître akamjibu. "Mwaka muzima masikio yake haikusikia kintu ingine."

Wengine tulicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimesimama pale na ufagio.

Sikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa yaya wa mwanafunzi, na kwetu yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamke au mwanamume. Baba alipofariki na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nilikuwa darasa la pili la sekondari. Niliacha shule, nikakaa kwenye cherehani ya mama, nikabaki na wadogo watatu: wavulana wawili na Ngalula. Ngalula ndiye aliyekuwa akigonga gonga vidole juu ya meza tukiwa tunasubiri chakula. Nikasema, huyu ana kitu. Nikampeleka kwa Maître akiwa na miaka tisa.

Mimi muziki siujui. Najua kitambaa. Ukinipa kitambaa gizani nitakuambia kama kitapauka. Lakini sauti sijui kuipima, na sikuona aibu kumwuliza anayejua. Kila Jumamosi Ngalula alipokuwa ndani akijifunza, mimi nilifagia ukumbi ili nisikae bure, na Maître alipotoka nilimwuliza swali lile lile: "Maître, anaendelea?"

"Anaendelea," alijibu, akimenya karanga.

Mwaka wa kwanza wa onyesho Ngalula alikuwa namba tatu. Mwaka uliofuata namba saba. Kisha namba tisa. Nilishona gauni lake kila mwaka kwa mikono yangu, na kila mwaka niliacha upindo mpana, kwa sababu msichana anarefuka na namba yake inarefuka.

Jambo moja lilinifanya nimheshimu mtu yule hata alipokuwa mkatili: hakudanganya juu ya sauti. Padri aliimba misa ya Pasaka, Maître akamwambia mbele ya waumini kwamba alianza juu na kumalizia mahali pengine kabisa. Mke wake mwenyewe, walisema majirani, aliacha kuimba jikoni. "Mbio haina muziki," aliwaambia watoto wenye vidole vya haraka. "Hata panya iko na mbio." Alipokusifu, jambo lililotokea labda mara mbili katika maisha ya mtu, ulijua sifa hiyo ni ya kweli.

Na alikuwa na jambo jingine nisilolielewa. Namba moja alipopiga, huku wote wakivuta viti, Maître alisimama wima kando ya kinanda, mikono nyuma, akisikiliza kila noti. Ni yeye peke yake aliyesikiliza. Shemasi mmoja aliwahi kumcheka mtoto wa namba moja, Maître akamtoa nje kwa kumshika kola. "Miye niko na ruhusa ya kumuchekelea," alisema. "Weye ulimufundisha nini?" Lakini bora wa mwaka alipofika kwenye kinanda, Maître alikaa kitini na kufumba macho, na wakati mwingine alilala kweli.

Sasa lazima nieleze habari ya umeme, kwa maana bila hiyo mpangilio hauna uzito. Jumapili ilikuwa zamu ya mtaa wetu kukatiwa. Umeme uliondoka kama saa kumi, pengine kabla kidogo, na kinanda kikafa. Wazazi walitaka kuleta jenereta. Maître alikataa. "Groupe inapiga mubaya kupita numéro moja," alisema, "na haichoke." Basi ikawa desturi. Umeme ulipoondoka kabla wa mwisho hajapiga, Maître alimsimamisha mtoto yule mbele ya kinanda kilichozimika, akataja jina lake lote pamoja na la baba na la babu, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Walimpigia makofi mtu ambaye hawakumsikia. Wazee walilia. Mtoto aliinama, akapewa ua. Kwa watu wa Kamalondo hilo halikupunguza heshima yake hata kidogo, maana karatasi ya mlangoni ilikuwa imekwisha sema.

Na kulikuwa na Masœur. Alikuwa mtawa, mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, nje ya mji, na kila mwaka alikuja kuchagua msichana mmoja wa kupiga kinanda katika kanisa lao dogo. Aliyechaguliwa alisomeshwa hadi diploma. Masœur hakufika mapema, na umeme ukiondoka naye aliondoka, kwa sababu ya barabara. Kwa hiyo aliowasikia walikuwa wale wa katikati tu, kuanzia wa nne au wa tano hadi wa tisa. Kila mzazi mwenye binti alijua hesabu hiyo. Hakuna aliyethubutu kuisema mbele ya Maître.

Mimi nilikuwa karibu na karatasi ile kuliko mzazi yeyote, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Maandishi ya Maître yalikuwa kama kuku amepita kwenye wino. Siku moja aliona mwandiko wangu kwenye karatasi ya kukatia nguo, akaniuliza nani alinifundisha. Tangu siku hiyo, kila mwaka, Alhamisi kabla ya onyesho, alinisomea majina nami nikayanakili kwa herufi kubwa. Nilipenda kazi hiyo. Nilikuwa mtu niliyeacha shule, na mtaa mzima ulisoma maandishi yangu.

Mwaka Ngalula alipofikisha miaka kumi na minne, Maître alinisomea majina kumi na mawili. Namba sita ilikuwa Kapinga, binti wa mama mmoja anayeoka mikate nyuma ya barabara yetu. Kapinga alikuwa mtoto mkimya, gauni lake lilikuwa lile lile la mwaka uliopita. Namba kumi na mbili ilikuwa Ngalula.

Kalamu ilisimama.

"Haukusikia?" akauliza. "Kumi na mbili. Ngalula."

Nilifurahi mno. Kisha nikapiga ile hesabu ya kila mzazi.

"Maître, aksanti. Lakini Masœur hatamusikia. Courant itakuwa imekwenda."

"Ndiyo."

"Umuweke sita. Ao saba. Miye naomba."

"Unataka nimushushe mudogo yako? Bantu banasoma ile karatasi, bataona sita, batasema yaya yake njo alimuangusha."

"Baseme tu. Akienda kwa bamasœur atamaliza masomo. Miye sikumaliza, Maître. Unaona niko wapi."

Alimenya karanga, akaitazama, akaila.

"Kumi na mbili," akasema. "Andika."

Niliandika nyumbani, juu ya meza ya kukatia. Niliandika Ngalula penye sita na Kapinga penye kumi na mbili. Sikusita. Napenda kusema nilisita, lakini ningekuwa nasema uongo. Nilijiambia kwamba Kapinga anapata heshima ambayo hakuitafuta, atapigiwa makofi, mama yake atalia kwa furaha. Ijumaa asubuhi nilibandika karatasi mlangoni, na Maître, ambaye hakuwahi kuikagua, hakuikagua.

Ngalula aliporudi nyumbani siku ile hakuvua viatu.

"Yaya, niko wa sita?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atanikumbatia.

"Nilikuwa wa mwisho," akasema polepole. "Maître alisema niko wa mwisho, na weye ukanitosha, ukaniondoa pale."

"Juu ya Masœur, Ngalula. Juu ya masomo yako."

"Haukuniuliza! Weye unapimaka bantu sawa nguo, unakata, kisha unasema njo size yao."

Jumapili, saa nane kasoro, Maître alipita mlangoni akasimama. Sijui kwa nini siku hiyo alivaa miwani. Alisoma kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata. Kisha akaniita kwa kichwa.

"Hii njo mukono yako?"

"Ndiyo, Maître."

"Mukono muzuri. Muzuri sana."

Alitoa kalamu mfukoni, akalifuta jina la Ngalula penye sita, akaliandika juu kabisa kwa ule mwandiko wake wa kuku. Watano waliokuwa juu yake kwenye karatasi walisogea hatua moja moja. Wa tano akawa wa sita. Kapinga akabaki kumi na mbili.

"Maître, miye njo nimekosa, hapana yeye. Na Kapinga, murudishe mahali yake."

"Miye nimurudishe?" Alifunga kalamu. "Miye njo nilimutosha?"

Kisha akanituma nipange viti, kwa kuwa hiyo pia ilikuwa kazi yangu.

Ngalula alipiga kwanza. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa nililolishona kwa wiki mbili. Maître alisimama kando yake, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nabeba viti. Mama mmoja aliniambia, "Weka yangu pale karibu na dirisha, joto," nikaweka. Mwingine akataka vitatu. Nilipoinua kichwa, Ngalula alikuwa ameshuka, na mtu wa pili alikuwa anakaa. Miaka mitano nilimpeleka kwa mwalimu, na wimbo ule sikuusikia.

Masœur alifika mtu wa tatu akipiga. Alisikiliza hadi wa kumi. Umeme ukaondoka wa kumi na moja akiwa katikati. Maître alimsimamisha Kapinga mbele ya kinanda kilichozimika, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Watu wakasimama. Mama yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kapinga alitazama vidole vyake muda mrefu kabla ya kuinama.

Masœur alimchukua wa sita. Hata mama yake msichana yule alishangaa, akauliza mara mbili kama hawajakosea jina.

Asubuhi yake, mama Kapinga alikuja kwenye baraza langu na mikate sita ya moto, imefungwa kwa kitambaa cheupe. "Dada, maandiko yako muzuri vile! Jina ya mutoto yangu pale chini ya wote! Nimeipiga foto." Alinionyesha simu. Nilipokea mikate. Wadogo zangu wa kiume walikula. Nami nilikula. Ngalula aliangalia ukutani.

Hakurudi tena kwa Maître. Mwaka uliofuata mimi pia sikuitwa kuandika, na sikwenda kufagia. Ngalula alimaliza shule ya mtaa kwa shida, na sasa anafundisha watoto nyimbo za kanisa katika parokia ya Hewa Bora. Bado anaishi kwangu. Kila akija mgeni anamsimulia kisa hicho, huku anacheka, akinigusa bega: "Huyu Yaya yangu! Nilikuwa numéro ya mwisho kwa Maître, mukubwa wa wote. Yeye akaniharibia kwa mapendo." Wageni hucheka. Mimi huongeza chai. Miaka hii yote nimeibeba lawama hiyo bila kubishana, kwa kuwa nilijua ni yangu.

Mwaka jana mpwa wa Maître alinitafuta. Mzee alikuwa kwake, Naviundu, miguu imevimba, na daktari alikuwa amesema maneno ambayo madaktari huyasema wakiwa wamesimama mlangoni. Mpwa alitaka shati jeupe na suti. Hakusema ni za nini. Mimi hushona nguo za namna hiyo, sikuuliza.

Maître alikuwa ameketi kitandani, shati limefungwa hadi kooni. Alinitambua mara moja.

"Wamekuita unipime," akasema. "Pima muzuri. Huku haina kurudilia."

Nilianza na mabega. Alikuwa amebaki mifupa. Nilipima kifua, nikaandika, nikapima mkono.

"Mudogo yako anapiga bado?"

"Anafundisha batoto ku parokia."

"Masikini batoto."

Nilikuwa nimejizuia miaka mingi, lakini hilo liliniuma.

"Maître, ule mwaka weye njo ulisema iko wa mwisho. Mukubwa wa wote. Nilikosa miye, lakini yeye asitukanwe."

Alinitazama kana kwamba namba yangu imempotea.

"Nilisema wa mwisho, ndiyo. Saa kumi courant inakwenda. Angesimama, bantu bangemupigia makofi, mungerudia kwenu na furaha. Hakuna muntu angemusikia." Alipumua. "Ule mutoto hakukuwa na masikio. Mikono ya mbio tu. Tangu mwaka wa kwanza."

"Alikuwa tatu. Kisha saba. Kisha tisa."

"Juu yako. Kila samedi uko pale na fagio. 'Maître, anaendelea?' Na macho ile. Ningekuambia nini? Nilikuwa namusogeza tu."

Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshika mkono wake. Nikauachia.

"Na siku ile ulimuweka wa kwanza."

"Siku ile nilimuweka mahali yake."

Nje mpwa wake alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaukunjua utepe upya.

"Na Kapinga?"

"Kapinga!" Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Ule njo alikuwa na masikio. Sikupata mwingine. Nilishamwambia Masœur: wa sita, usisikilize wengine, chukua wa sita."

"Ungemwambia Masœur siku ile, kwamba namba imebadilika."

"Nilikuwa na kasirani," akasema. Akafungua macho. "Na weye ulikuwa na kinywa. Haukumuambia."

Nilimaliza kupima. Kiuno, mguu, shingo. Aliinua kidevu ili niifikie vizuri shingo. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba. Nilipofika mlangoni aliniambia kola isiwe kubwa, hapendi kola kubwa.

Njia ya kurudi ilipita mbele ya tanuri ya mama Kapinga. Kapinga mwenyewe alikuwa pale, unga hadi kwenye viwiko, akipanga mikate kwenye kikapu. Bado hunisalimia kwa magoti kidogo, kama mtu niliyemtendea wema. "Dada, mikate iko ya moto," akasema. Nilisema sitaki leo.

Nyumbani Ngalula alikuwa amepika. Alikuwa ameivisha bukari, ugali wetu, na samaki, na alikuwa anangoja habari, kwa maana alijua nilikokwenda. Aliniwekea maji ya kunawa. Hakuketi.

"Alikuuliza juu yangu?"

"Aliuliza."

"Akasema nini? Yaya, sema kweli. Alisema nini?"

Nilinawa mikono. Niliinawa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Ningeweza kuutua mzigo ule pale pale kando ya sahani, na usingenirudia tena. Yeye alikuwa amesimama na kijiko, miaka ishirini na minane, mwalimu wa watoto.

"Alisema weye njo ulikuwa mukubwa wa wote," nikamwambia. "Alisema miye njo niliharibu."

"Si nilikuambia!" Ngalula akacheka, akaketi, akajimegea tonge kubwa, na akala siku ile kuliko nilivyomwona akila juma zima.